Aliyengoja Kusalimiwa

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1990, saa tatu asubuhi, katika hospitali ileile ya umma aliyokuja kuifanyia kazi, na hatimaye akafia humo. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa dereva wa lori la maji na mpishi wa shule. Alichelewa kulia, mkunga akamchapa kofi la mgongoni. Alipoanza, hakunyamaza mpaka adhuhuri. Baba yake alipofika akasikia ile sauti kutoka ngazini, akasema, "Huyu si mtoto, huyu ni kasuku." Jina likamganda. Nyumbani hakuna aliyemwita vingine.

Alianza shule ya msingi Januari 1997. Alikuwa na akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alipofika darasa la nne, mwalimu wake alitafuta njia ya kumtuliza akampa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Siku ya kwanza karatasi ilirudi na jina moja tu, lake mwenyewe.

"Mbona umejiandika peke yako?" mwalimu akauliza.

"Wenzangu walikuwa wananisikiliza tu, mwalimu."

Alimaliza sekondari mwaka 2007. Baba yake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, kwa hiyo alikaa nyumbani kwa muda akimsaidia mama yake jikoni pale shuleni, kisha akapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Alihitimu Desemba 2012, akaajiriwa mwezi uliofuata.

Mwaka 2016 alihamishiwa kitengo cha utafiti. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho cha ukumbi wa chini, kupita dirisha la dawa, mahali palipokuwa stoo ya mashuka. Palikuwa na mizani, friji yenye kufuli, kabati la chuma na viti viwili vilivyotazamana. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa dawa mpya walikaa kwenye kiti kimoja, yeye kwenye kingine, akawasomea fomu mstari kwa mstari. Hakuharakisha. Mama yake alimpelekea chakula siku moja akamsikia mlangoni: "Hulazimishwi, baba. Ukitaka kuacha, acha hata leo, na matibabu yako ya kawaida utayapata vilevile. Haya, sasa niambie wewe kwa maneno yako, umeelewa nini?" Mzee aliyeketi kiti cha pili akajibu, "Nimeelewa kwamba wewe huchoki." Walicheka wote wawili.

Kila aliyetia saini au dole gumba alipewa namba. Majina yalifungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi. Ugonjwa wenyewe hatutautaja hapa, maana yeye hakuwahi kuutaja nyumbani. Tunachojua ni kwamba ni ugonjwa ambao watu huwaficha hata wanaolala nao kitanda kimoja.

Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja lililombadilisha. Akikutana na mshiriki wa utafiti nje ya hospitali, asimsalimie mpaka asalimiwe. Akisalimiwa aitikie tu, asiseme wanajuana wapi. Salamu moja barabarani ingeweza kumfanya jirani aulize, na jirani akishauliza, siri imekwisha. Basi Kasuku, ambaye angeweza kuongea na mlango, akajifunza kupita katikati ya watu macho mbele. Kwa kuogopa kukosea alianza kutowasalimia hata wasiohusika. Wanawake wa bombani wakambatiza Mheshimiwa. "Pisheni, Mheshimiwa anapita! Hana kura ya kuomba mwaka huu." Alisikia, akapita.

Mwaka 2018 alichumbiwa na fundi seremala, kijana mpole, na familia zote mbili ziliridhika. Jumapili moja wakiwa wanatembea, mwanamume aliyekuwa upande wa pili wa barabara alimpungia mkono. Marehemu akapunga pia.

"Nani yule?" mchumba akauliza.

"Siwezi kukwambia."

"Humjui, au huwezi?"

"Siwezi."

Baada ya mwezi mshenga alikuja kusema kijana amebadili nia. Mama yake alimsihi, "Mwanangu, si ungesema lolote tu? Ungesema ni fundi bomba." Alijibu kwamba uongo mmoja huzaa watoto wengi. Hakuolewa, na hakujaliwa mtoto. Jioni alikula, akaosha sahani yake, akakaa dirishani. Hapo ndipo hofu ilipomwingia mama yake, hofu ambayo hakuwahi kumwambia mtu: siku ya siku, nani atakuja kumzika mtoto asiyesalimia watu?

Kuna jambo ambalo mama yake ameomba lisomwe. Mwezi Mei 2022 walikwenda sokoni pamoja. Mama akamwona mwanamke mmoja aliyemkumbuka kutoka ule ukumbi wa chini, na kwa furaha ya kuona kwamba binti yake ana mtu wa kumjua, akamwita, "Mama, si tulionana kwa binti yangu, kile chumba cha mwisho?" Yule mwanamke alikuwa na wifi yake. Akasema, "Umenifananisha," akaacha nyanya zake kwenye mizani, akaondoka. Wifi mtu akabaki akiwatazama.

Walipofika nyumbani mama ndiye aliyeanza: "Kwani salamu imekuwa dhambi?"

"Kwangu mimi inaweza kuwa, mama."

Mwanamke yule hakurudi tena kwenye kile kiti. Simu yake haikupatikana, na kwenda kumtafuta nyumbani kungeongeza ubaya. Kila Alhamisi ya miadi marehemu alilitoa faili la mwanamke huyo, akaliweka mezani, na jioni akalirudisha. Hakumlaumu mama yake hata mara moja. Afadhali angemlaumu.

Julai 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Ilikuwa figo. Alilazwa wodi namba nane, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Huko mtafiti kijana alimjia na fomu, akimwomba ajiunge na utafiti wa wagonjwa wa figo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Rudia sentensi ya nne, umeisoma mbio. Halafu umesahau kuniambia kwamba naweza kukataa." Kijana akasoma upya huku jasho likimtoka. Ndipo akatia saini. Alipewa namba 19. "Mama," alisema, "sasa na mimi nimekaa kiti cha pili."

Wiki za mwisho watu wengi walifika mlangoni mwa wodi, wakatazama ndani, wakaondoka. Mama yake alidhani wamepotea njia. Jumatatu tarehe 3 Februari mmoja aliingia, ameshika chupa ya chai. Alikuwa yule mwanamke wa sokoni, amenenepa kidogo, mzima. Mama alimtambua papo hapo. Maneno yalimjaa mdomoni, ya kuomba radhi na ya kushukuru, lakini aliuma ulimi. Akangoja.

"Habari za hapa, mama," mwanamke akasema hatimaye.

"Nzuri," mama akaitikia. Hakuongeza kitu.

Marehemu alifumbua macho, akawatazama wote wawili, akatabasamu. Aliaga dunia siku tatu baadaye, Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, siku ya miadi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Ameacha mama yake, mdogo wake fundi umeme na mkewe, binti yao anayemwita shangazi, na mjomba wake mmoja. Ameacha pia watu mia mbili na kumi na wanne ambao majina yao hatuyajui, na ufunguo aliomkabidhi muuguzi mwenzake kwa mkono wake.

Ikiwa baadhi yenu mmesimama hapo nyuma leo, familia imekubaliana. Hakuna atakayewauliza mlimjulia wapi. Hatutawasalimia kwanza, na si kwa kiburi. Mkitusalimia, tutaitikia.

Naye huko aendako, Mungu amsalimie kwanza, kisha ampumzishe kwa amani.