Anselmo Colque, Aliyeomba Aonyeshwe Njia (1948–1998)

Majirani wa Alto Mirador, ndugu wa kanisa, na ninyi mliopanda basi jana kutoka Oruro: tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 16 Julai 1998, ni Anselmo Colque Huarachi. Wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa, Nélida. Kila kilichomo, mama yake Nélida, mjane wa marehemu, amesomewa kwanza, akakubali kisemwe mbele za watu.

Anselmo alizaliwa tarehe 21 Aprili 1948 katika kijiji cha wafugaji nje ya Challapata, mkoa wa Oruro, mtoto wa tatu wa mzee Florentino Colque na mama Saturnina Huarachi. Wawili waliomtangulia hawakufikisha mwaka. Yeye alifikisha, akachunga kondoo tangu umri wa miaka mitano, na alikuwa akisema baridi ya huko ndiyo iliyomfundisha kutolalamika, kwa kuwa ukifungua mdomo inaingia.

Mwaka 1956 aliingia shule ya misheni ya Wamethodisti, akasoma hadi darasa la tano. Siku moja mwalimu alimwita aombee maziwa ya saa nne. Anselmo akaombea maziwa, akaombea ng'ombe, wenye ng'ombe, serikali, wagonjwa wote wa kijijini mmoja mmoja kwa jina, na aliposema amina maziwa yalikuwa yamepoa na kufanya utando. Wenzake walimwendea mwalimu wakamsihi asimwite tena. Tangu hapo sala zake zilikuwa fupi kuliko za mtu yeyote hapa kanisani, na sote tulimshukuru kwa hilo.

Mwezi Machi 1967, akiwa na miaka kumi na minane, aliajiriwa katika mgodi wa bati wa Santa Rufina. Kwa miaka kumi na tisa alishika mashine ya kutoboa mwamba. Vumbi lilimwingia kifuani kila siku ya kazi. Alijua, kama wote walivyojua. Ila mshahara ulikuja, nyumba ilikuwa ya kampuni, na shule ya watoto pia.

Hapo mgodini ndipo alipomwona Primitiva Villca, aliyekuwa akiponda mawe kwenye kifusi na kuokota bati lililobaki. Alimwambia amemwombea kwa wiki tatu na moyo wake umetulia. Primitiva hakuweka hata nyundo yake chini. "Umemuuliza Mungu," akasema. "Mimi je, sina mdomo wa kuulizwa?" Akamuuliza. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1970, wakajaliwa Nélida mwaka 1972, Hernán mwaka 1977, na Rubén tarehe 2 Februari 1986.

Rubén alikuwa na miezi sita mgodi ulipofungwa. Kampuni ilitoa lori moja kwa kila familia mbili, na kila baba alitakiwa kuandika anakokwenda kabla ya Ijumaa tarehe 29 Agosti. Wengi waliandika Santa Cruz. Kaka yake Primitiva, Casto, alikuwa na kiwanja huku Cochabamba, mlimani upande wa kusini, akasema kuna nafasi ya kujenga chumba. Mama mzazi wa Primitiva alikuwa Oruro mjini, mjane, na chumba kimoja.

Anselmo na mkewe walikubaliana kufunga siku tatu. Kila mmoja aombe peke yake, asimwambie mwenzake kitu, kisha Alhamisi waseme. Nélida alikuwa na miaka kumi na minne, akichambua viazi vilivyokaushwa kwa baridi kwa ajili ya supu, na aliyasikia yote.

Primitiva alitangulia. Alisema ameambiwa Oruro.

Anselmo akaeleza yake. Yeye hakuwa amesikia sauti wala kuota ndoto. Kila alipoitaja Santa Cruz katika sala kifua kilibana, na kila alipoitaja Oruro aliona wanaume wasio na kazi wamekaa kando ya reli. Alipoitaja Cochabamba, moyo ulikaa kimya. Aliuita ukimya huo jibu. Primitiva alimtazama, akasema, "Haya. Wewe ndiye unayeandika." Akaandika Cochabamba.

Walifika tarehe 6 Septemba 1986. Hapa tulipo hapakuwa na bomba, nguzo ya umeme wala jina. Maji yaliletwa na lori mara mbili kwa wiki, yakamwagwa kwenye mapipa yaliyokuwa yamebeba rangi na dawa za mashambani. Anselmo aliamka saa kumi na moja kila asubuhi, akapiga magoti kwenye udongo, akasema, "Bwana, nionyeshe leo," akateremka mjini kwa miguu kutafuta kazi. Alikwenda kiwanda cha viatu, cha vioo, cha bia. Walimpenda kwa mikono yake, halafu wakampeleka apigwe picha ya kifua. Kila mara picha ilirudi na jibu moja. Daktari wa mahali pa nne alimwonyesha ile picha dirishani na kumwambia bila ukali, "Mzee, mapafu yako yameanza kuwa mawe. Hakuna atakayekuchukua." Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Mwezi Machi, Rubén alianza kuharisha. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi walimpeleka zahanati wakapewa unga wa kuchanganya na maji, na maji yalikuwa yaleyale ya pipa. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Machi 1987, mgongoni mwa mama yake, wakiwa njiani kwenda hospitali. Primitiva alijua palepale, lakini hakusema. Aliendelea kutembea mpaka mlangoni.

Anselmo alichimba kaburi mwenyewe. Wakati wa kuomba ulipofika, Primitiva alimzuia kwa mkono. "Huyo aliyekuambia tuje huku," akasema, "mwambie ashuke amzike yeye. Mimi niliambiwa Oruro." Watu waliangalia chini. Anselmo alifukia, akapiga udongo kwa koleo, na kwa mara ya kwanza tangu shuleni hapakuwa na sala yoyote kinywani mwake. Tangu siku hiyo Primitiva hakuomba tena mbele ya mtu. Kanisani alikuja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, akanyamaza.

Wiki mbili baadaye Anselmo alipiga magoti tena. Nélida alimuuliza anaombaje baada ya yale. Alisema hajui, magoti yamezoea, na yeye ameyafuata.

Kinachofuata yeye mwenyewe alitaka kisifichwe. Mwezi Juni mwenzake wa mgodini, Leoncio Mollo, alimletea picha ya kifua cha mpwa wake, kijana mzima, safi pasipo doa. Alisema kwenye ghala la saruji hawaangalii jina kwa makini. Anselmo aliiweka ile picha chini ya Biblia kwa siku mbili, akaomba, kisha akatangaza nyumbani kwamba mlango umefunguliwa. Primitiva alimfungia chakula kwenye kitambaa. Anselmo alibeba mifuko ya saruji kwa wiki kumi na moja, na vumbi lile jipya likakaa juu ya la zamani. Siku moja alianguka akitema damu juu ya mzigo. Wakampiga picha nyingine, wakagundua, wakamtoa.

Jumapili iliyofuata alisimama hapa kanisani, paa likiwa bado la turubai. "Mlango ule niliufungua mwenyewe, kwa ufunguo wa kuazima," alisema. "Halafu nikamshukuru Mungu kwa kuufungua. Naomba mnisamehe." Akaketi. Ndugu mmoja alitaka kuanzisha wimbo. Mwingine akamgusa bega anyamaze.

Mwaka 1988 kamati ya mtaa iliamua kuchimba kisima, ikamfuata Anselmo kwa kuwa alijua mwamba. Alikubali bila kusema kama ameomba. Cha kwanza kilifika mita ishirini na sita, kikavu. Cha pili kilitoa maji ya chumvi ambayo hata kuku waliyakataa. Mama Betsabé Rojas, ambaye yupo hapa na ameruhusu atajwe, alimwambia mbele ya foleni ya ndoo, "Ndugu Anselmo, muulize huyo anayekuongoza kama na yeye amepotea." Watu walicheka. Anselmo naye alicheka kidogo, akasema atamuuliza.

Kisima cha tatu kilipata maji tarehe 17 Oktoba 1990, mita thelathini na nane. Kuanzia hapo mitaa mingine ilimwita awe msimamizi wa uchimbaji, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka sita. Ilimpasa kukaa juu na kuelekeza. Mara nyingi alishuka, kwa sababu hakuweza kumtuma mtu mahali ambapo hakupaona. Madaktari walimkataza, na mkewe pia.

Siku ya kumshukuru Mungu kwa kisima, ndugu mmoja alishuhudia kwamba sasa tunaelewa kwa nini Bwana aliileta familia ya Colque Cochabamba. Primitiva aliinuka kule nyuma. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo mwanangu ndiye aliyelipia haya maji?" akauliza, akatoka. Anselmo alimfuata. Kabla ya kuvuka mlango aligeuka, akaomba neno la yule ndugu lisisemwe tena katika kanisa hili, na halijasemwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kisima ni jibu. Alisema ni kisima.

Mwezi Agosti 1996 aliacha kazi kwa sababu hakuweza tena kupanda kutoka kituo cha basi. Miezi kumi ya mwisho hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, na Primitiva alimfunga kwa shali yake kwenye kiti ili asianguke mbele. Alimlisha supu ya karanga kijiko kimoja kimoja, akisubiri pumzi irudi katikati. Walizungumza kidogo, kwa kuwa kila neno lilimgharimu.

Jumapili iliyopita, mchana, alimwita. Nélida alikuwa anafua mlangoni.

"Primitiva," alisema. "Nimefikiri. Labda wewe ndiye uliyesikia vizuri. Ilinipasa kuandika Oruro."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliziweka chini. "Sikusikia kitu, Anselmo," akasema. "Siku zile tatu niliomba nikaona kimya kama wewe. Nilitaka tu kuwa karibu na mama. Nikaona nikikuambia hivyo hutanisikiliza, nikasema nimeambiwa."

Anselmo alimtazama. Bega lake lilianza kutikisika, na Nélida alikimbia ndani akidhani anakata roho. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na kikohozi kimemshika. Kilipotulia alisema, "Miaka kumi na miwili, mwanamke wewe." Akamwomba aombe, kwa kuwa yeye hana pumzi ya kutosha.

Primitiva alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Bwana," akasema, "huyu hapa. Amechoka. Na mimi bado nina hasira na wewe. Amina."

Anselmo Colque Huarachi alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 14 Julai 1998, saa tisa alasiri, akiwa ameketi, mwenye umri wa miaka hamsini.

Ametanguliwa na mwanawe Rubén, ambaye leo baba analazwa kando yake. Ameacha mjane, Primitiva Villca, binti Nélida na mumewe Gualberto, mwana Hernán, wajukuu wawili, Yesica na Abdón, shemeji yake Casto, na dada yake Leandra wa Challapata. Familia inawashukuru wachimbaji waliombeba.

Alale mahali pasipo vumbi, na Mungu ampe pumzi.