Koti Lililoachwa Likauke

Wapendwa waombolezaji, familia imeona historia ya mzee wetu isomwe yote, pamoja na sehemu ambayo wengi wenu mliisikia kwa minong'ono tu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda jambo liandikwe nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia 1952 hadi 1959, kisha sekondari ya kutwa hadi 1963, ambako kwa hati yake nzuri aliwaandikia wenzake barua za mapenzi, yeye mwenyewe akiwa hana wa kumwandikia.

Tarehe 4 Januari 1965 aliajiriwa makao ya polisi kama karani wa vielelezo, kazi ya kupokea kila kitu cha kesi, kisu, kiatu, kipande cha kioo, kukikagua mara mbili, siku ya kukipokea na siku ya kukifunga, kisha kukizungushia uzi na kuudondoshea lakiri, nta ya muhuri wake. Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili, aliyewaambia mawifi zake, "Kaka yenu ananitazama kama ananihesabu vifungo," na wakangoja mtoto miaka minne.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 1975, kiongozi wa upinzani aliuawa kwa risasi jukwaani, uwanja wa soko, na saa kumi na moja jioni koti lake likaletwa kwa marehemu likiwa bado linachuruzika damu. Alilikagua, akaona tundu moja, mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto. Katika daftari aliandika "tundu moja" na kuacha nafasi ya kutaja lilipo ijazwe siku ya kufunga, kama ilivyokuwa kawaida ya ofisi, na kwa kuwa nguo mbichi ikifungwa huoza, akalianika kwenye kamba chumba cha nyuma. Kesho yake saa nne asubuhi simu ilipigwa kutoka wodi ya wazazi, akautundika ufunguo msumarini, akakimbia, na binti yake pekee akazaliwa saa tisa alasiri. Jumatatu alirudi akalikuta koti limekauka, limekunjwa vizuri mezani, na kwa furaha ya mtu aliyekuwa baba kwa mara ya kwanza aliwashukuru wenzake kwa msaada, akalifunga bila kulikunjua wala kuijaza ile nafasi ya daftari. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuwahi kulificha.

Machi 1976 alishtakiwa fundi redio, kijana aliyekuwa mbele ya jukwaa akitengeneza kipaza sauti, ilhali nyuma ya jukwaa walisimama walinzi peke yao. Marehemu alivunja lakiri yake mwenyewe mbele ya jaji, akalikunjua koti, na tundu lilikuwa kifuani. Alisema, "Mheshimiwa, hili silo nililolipokea." Wakili wa serikali alimuuliza lakiri ni ya nani, akajibu ni yake, akamuuliza siku zile alikuwa wapi, akajibu kwa mtoto, watu wakacheka, na alipoulizwa kama anajuta alisema, "Mtoto nilimwona, koti sikuliona, yote mawili ni kweli." Fundi redio alifungwa maisha.

Marehemu alihamishiwa ghala la viti na meza mbovu, akabaki huko peke yake hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004. Wenzake walianza kunywa chai kabla hajafika, na aliyekutana naye ngazini alimtania, "Vipi, leo umehesabu matundu?" kisha akapita haraka. Kila tarehe 20 Oktoba, siku aliyolifunga koti, alipeleka barua wizarani kuomba lichunguzwe upya, barua arobaini na tatu kwa jumla, na karani wa mapokezi alimzoea, "Mzee wa Koti, umefika? Lete nigonge muhuri, jibu usiniulize mimi." Mwaka 1982 alikwenda gerezani kumwona fundi redio, akaletewa neno mlangoni, "Mwambieni aliyefunga lile furushi, mimi simjui," akarudi nyumbani kwa miguu. Mwaka uliofuata mkewe alimwambia, "Baba, labda ulikosea, ulikuwa umechoka," swali ambalo naye alikuwa akijiuliza kila siku. Mkewe alifariki tarehe 2 Mei 2006.

Kuanzia 2014 maradhi ya kusahau yalimnyang'anya majina, hata la binti yake, aliyemshika mkono hadi wizarani kila Oktoba. Lakini binti akivaa koti na kumgeuzia mgongo, kidole cha mzee kilikwenda palepale, chini kidogo ya bega la kushoto. Familia haidai kwamba kidole ni ushahidi, inasema tu kilichoonekana. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 11 Februari 2019, saa moja asubuhi, wodi ya wanaume namba tatu, binti yake akiwa bado ngazini na chupa ya chai.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea njia, na yule mmoja kati ya wenzake kumi na wawili wa kazini aliyekuja leo, na kuketi nyuma kabisa. Tunamshukuru pia fundi redio, aliyeachiwa kwa msamaha mwaka 1999 bila hukumu yake kufutwa, ambaye juzi alibisha hodi akasema, "Nimechelewa, najua," akaikuta barua ya arobaini na nne, iliyoandikwa na binti, akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya binti.

Pumzika sasa, baba. Oktoba ikifika, tutakwenda sisi.