Wasifu wa Mama Mafuriko, Mjenzi wa Nyumba Zisizo na Ndani

Ndugu, majirani na marafiki, tunasoma kwa niaba ya familia maisha ya mke, mama, dada na shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mafuriko. Jina hilo lilianza kama dhihaka, na baadhi ya waliolianzisha tunawaona hapa safu ya mbele na leso zao. Marehemu hakulipenda. Lakini alipoulizwa aandikwe vipi kwenye ratiba hii alijibu, "Andikeni hilohilo. Nimelitolea jasho." Akaagiza pia kwamba habari ya nyumba ya dada yake isirukwe. Haikurukwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, wa pili kati ya watoto watatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba yao alikuwa mlinzi. Mama yao alifanya kazi ya zamu, kwa hiyo dada mkubwa ndiye aliyembeba mgongoni, tena alimbeba hadi miguu ya mbebwaji ikawa inaburuza chini. Mpaka leo dada huyo anasema mgongo wake uliharibiwa na uvivu wa mtu mmoja.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na reli kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1988. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwalimu wa sayansi alipomtuma achore moyo ubaoni, aliuchora hivi kwamba darasa likaacha kumsikiliza mwalimu. Mwaka 1989 alianza kujifunza kazi kwa mchora mabango wa sokoni, na brashi ikamlisha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Brashi hiyohiyo ndiyo iliyompatia mume. Kijana mmoja fundi bomba alimpa kazi ya kuchora bango la duka lake. Alipokuja kulichukua alishika kiuno. "Dada, bomba langu linavuja! Nani atanipa kazi?" Marehemu alikuwa amechora tone moja mdomoni mwa bomba, kwa sababu bila tone lilionekana kama ndoano. "Basi njoo ulifunge mwenyewe," akamwambia. Walifunga ndoa tarehe 8 Juni 1996, wakajaliwa binti na mwana. Bango bado lipo. Tone pia lipo.

Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, brashi zilikauka. Januari 2012, akiwa na miaka arobaini, marehemu alijiandikisha chuoni kujifunza kutengeneza mandhari za filamu kwa kompyuta, pamoja na moshi, moto na maji yake. Wanafunzi wenzake walidhani amekuja kufagia. Maji yake ya kwanza yaliteremka ngazi kama mafuta ya kupikia.

"Mama, kompyuta haijui maji ni nini," mwalimu alimweleza. "Inajua punje tu, mamilioni ya punje, kila moja inamsukuma jirani yake."

"Kumbe kama foleni ya dawa," akasema marehemu, na tangu hapo akaelewa. Akawa anamwaga mabeseni uani ili aone maji yanavyopinda kwenye kona. "Mimi kutwa nazuia maji," mumewe alilalamika, "mwenzangu yupo nyumbani anayafungulia."

Alifundishwa pia kujenga mitaa. Nyumba ya filamu ni boksi lililovikwa picha ya ukuta wa kweli. Mlango haufunguki, na ndani hamna kitu kwa sababu kamera haiingii. Hilo alilishika vizuri mno.

Mwaka 2014 kampuni iliyomwajiri ilimkabidhi mtaa mmoja wa kusombwa na mafuriko katika filamu. Muda ulikuwa finyu, naye akapiga picha kuta alizozijua, yaani zetu. Hakumwomba mtu. Kuta ni kuta, alijiambia. Filamu ilionyeshwa ukumbi wa chuo tarehe 22 Novemba, na kwa fahari aliwaalika majirani wote, akawakalisha mbele, dada yake mkubwa katikati na gauni jipya.

Mtaa ulipotokea walishangilia. Kisha ukaja ukuta wa rangi mbili, dirisha lililokaa upande, na kamba iliyoanikwa gauni la kulalia lenye kiraka cha pazia. Ukumbi ukacheka. Dirisha lile lilijengwa na mume wa dada mkubwa kwa mikono yake, mwaka mmoja kabla hajafariki. Hakuwa fundi, alikuwa mtu mwenye hamu ya kuhamia kwake. Maji yakaja, mazuri kuliko yote ambayo marehemu aliwahi kutengeneza, na dada mkubwa, ambaye hakuwa ameitambua nyumba bado, akaanza kupiga makofi. Ukuta ukaanguka. Nyuma yake hamkuwa na hata kigoda.

Walikutana nje, mlangoni. "Gauni la kulalia nitavumilia," alisema dada mkubwa. "Lakini ndani mbona hamna kitu? Miaka yote ile sisi tuliishi wapi?"

"Dada, kamera haikutakiwa kuingia..."

"Na mimi nilikuwa nakupigia makofi."

Marehemu aliomba jina lake litolewe kwenye filamu, akajibiwa filamu imeshakwenda sokoni. Watu wakamkaribisha nyumbani kwa jina jipya. "Mama Mafuriko, leo tuvae mabuti?" Alicheka nao, halafu akawa anazunguka nyuma ya gereji asipite mbele ya dirisha lile. Hakuacha kazi, ila aligonga kwanza: "Naomba ukuta wako." Wakamjibu, "Chukua, urudishe kabla ya mvua." Na ndani ya kila boksi akaanza kuweka vitanda, sufuria na viatu mlangoni, mpaka kompyuta za kampuni zikalemewa. Wakubwa wakauliza nani ataviona. "Mwenye nyumba," alisema.

Kila Jumapili alikwenda kupiga hodi kwa dada yake. Sauti ilimjibu kutoka ndani, "Hapa hakuna nyumba. Ilisombwa." Alirudi ameinamisha uso, na Jumapili iliyofuata alikwenda tena. Iliendelea hivyo kwa miaka.

Mwaka 2022 madaktari waligundua figo zake zimechoka, na mwishoni mwa mwaka 2023 miguu ikakataa safari ya Jumapili. Zilipita Jumapili chache bila hodi. Ndipo dada mkubwa akaja mwenyewe, akasimama chumbani kwa mgonjwa, akazungusha macho.

"Nimekuja kuona kama na hii ina kitu ndani."

Aliketi. Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikajengwa upya kwenye kompyuta iliyolazwa juu ya mto wa kitanda, mmoja akibonyeza, mwingine akigomba.

"Kiti hicho kimekaa kama mgeni. Kisogeze karibu na redio."

"Redio ilikuwa rangi gani?"

"Umekuja kwangu mara ngapi na hujui?"

Marehemu alifunika uso kwa kiganja. "Nilikuwa naangalia kuta, dada."

Redio ilikuwa nyekundu.

Mwezi Mei, nyumba ilipokamilika, dada mkubwa aliamuru, "Haya, fungulia maji." Marehemu akakataa. Akaamriwa tena. Maji yakashuka na mtaa, yakageuka kwenye kona, yakafika kwenye kizingiti yakasimama wima.

"Maji hayasimami hivyo," alisema mumewe kutoka mlangoni, maana fundi ni fundi.

"Najua," alisema marehemu. "Ni kosa. Liacheni."

Dada mkubwa hakupiga makofi. Alivuta shuka akamfunika miguu.

Marehemu alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, siku moja baada ya kutimiza miaka ishirini na minane ya ndoa. Ameacha mume ambaye ni fundi bomba, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni dereva wa lori, wajukuu wawili, kaka mmoja na watoto wake, akiwemo aliyeanza kozi hiyohiyo akaishia katikati, na dada mkubwa, ambaye nyumba yake imesimama.

Mungu amlaze kwa amani, mahali pakavu.