Damu ya Bibi Fumiyo na Chumvi ya Miso

Mgeni rasmi, Daktari Sugawara Hatsumi, sisi wazee wa Kamisawa tunakukaribisha tena ukumbini kwetu. Chai ni ya moto na mito ya kukalia ni mipya, ila vichwa vyetu vimevurugika.

HISTORIA
Kila majira ya baridi tunaponda soya na kutengeneza miso, ile rojo ya chumvi iliyochachushwa ya kuungia supu, ya mtaa mzima. Mtia chumvi alikuwa Bibi Fumiyo, akipima kwa kiganja tu, huku akitutania: "Wewe Tetsuji, ponda, usibembeleze." Hapa kwetu Japani mtu huulizwa kundi la damu kabla hajaulizwa habari za watoto. La kwake tulilijua: AB, kama lilivyoandikwa kwenye kitambaa alichoshonewa kifuani utotoni, wakati wa vita.

MAFANIKIO
Mwaka jana ulitufundisha kwamba watafiti fulani waliona watu wa AB wakisumbuliwa zaidi na kupoteza kumbukumbu. Ulisema pia kwamba tofauti ni ndogo na jambo lenyewe halijathibitika. Tulisikia nusu ya kwanza vizuri sana.

CHANGAMOTO
Tulimwondoa kwenye chumvi, tena kwa upendo. "Pumzika, Bibi, usije ukatutilia chumvi mara mbili." Akakunja aproni yake. "Haya, damu imeshasema." Hakuja tena, nasi kwa aibu hatukumfuata.

Mwezi uliopita alianguka, akapimwa hospitalini. Ni O. Kitambaa kile kilikosewa. Mwenyekiti wetu, Mzee Tetsuji, aliyejigamba maisha yote kuwa ni O, naye akapima: AB. Ndiye mtia chumvi wetu sasa, na miso yake haina kasoro.

Tukaenda kuomba radhi. Bibi Fumiyo alitupokea kwa heshima zote, akamtazama Mzee Tetsuji, akauliza, "Samahani, wewe ni mtoto wa nani?" Tulicheka, tukidhani ni utani wake wa zamani. Haukuwa utani.

MAOMBI
Hatuombi ukumbi mpya. Tunaomba utueleze polepole, maana tumeulizana wenyewe na hakuna anayejua: kama si damu, ni nini? Je, mtu akikaa mwaka mzima bila wa kumtania, anaweza kusahau hivi? Kama jibu ni ndiyo, usituonee haya.

Kesho tunaponda soya. Tutamleta, tutamwekea chumvi kiganjani. Daktari, tumechelewa?

Mbingu zikulinde na zikurudishe kwako salama.

Ni sisi, Wazee wa Kamisawa, Bibi Fumiyo akiwemo.