Trei ya Mayai kwenye Kiti cha Nyuma

Risala ya Umoja wa Madereva wa Kuajiriwa wa Old Kampala kwa Mhandisi Nduku Wambua, Mkurugenzi wa Kampuni ya Straver, Kanda ya Afrika Mashariki, siku ya kuzindua gari jipya la Straver Aro

Mgeni rasmi, Mhandisi Nduku Wambua; meneja wa tawi la Kampala, Bwana Bonny; mafundi, wauzaji na wageni waalikwa; nanyi madereva wenzetu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha: tunawasalimu.

MAKARIBISHO

Tunakukaribisha Kampala. Tumeambiwa ulifika jana kutoka Nairobi na kesho asubuhi unaondoka, kwa hiyo hatutazunguka. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu mwenyekiti wetu pamoja na mimi katibu ninayesoma tumetoka Bukavu, wenzetu wengi wamekulia kwenye kambi za jeshi na polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kila siku, wazazi wao wakiwa wametoka Gulu na Kitgum, na wewe umetoka Machakos. Hii ndiyo lugha ambayo hakuna kati yetu anayehitaji mtu wa kumtafsiria. Bwana Bonny aliomba risala ya dakika tano. Tuliipima kwa saa, ikatoka dakika kumi na mbili. Tunaomba radhi kwa hizo saba.

SISI NI NANI

Umoja wetu ulianza mwaka 2011, chini ya kilima cha Old Kampala, mahali pa kuoshea magari. Tulikuwa tunasubiri mabosi wetu watoke kazini, tukaona afadhali tusubiri pamoja. Leo tuko sitini na wanne, wanawake tisa. Tunaendesha magari ya madaktari, wenye maduka, mashirika na shule. Magari si yetu na barabara si zetu. Kilicho chetu ni namna ya kuendesha.

Namna hiyo ina mtihani wake, na tunaomba uuelewe, kwa kuwa ndio uliotuleta kwenye mambo ya leo. Mwenyekiti wetu, Mzee Hippolyte, alipofika mji huu alitafuta kazi kwa daktari mmoja mwenye mgongo mbovu. Daktari hakumwomba leseni wala barua. Alimpa ufunguo, akamwambia: "Nenda soko la Owino uninunulie trei ya mayai, uiweke kwenye kiti changu, uniletee." Mayai yalifika thelathini mazima, Hippolyte akapata kazi na akakaa nayo miaka tisa. Tangu hapo kila anayeomba kuingia kwenye umoja wetu huendesha trei. Njia ni ile ile: unaanzia Owino, unapitia Kabalagala, unarudi kupanda Old Kampala mpaka karibu na msikiti. Trei haifungwi kwa mkanda wala haishikwi na mtu. Mayai mawili yakivunjika tunasamehe, matatu tunajadili, na manne unarudi mwezi unaofuata.

Baadaye tuligundua kwamba mtihani huu unafaa pia kwa magari. Ukimchukua dereva yule yule, kwenye njia ile ile, akiendesha vile vile, basi kilichobadilika ni gari tu. Bosi anapotuuliza anunue gari gani, sisi hatusomi kijitabu cha kampuni. Tunaenda Owino.

MAJARIBIO YA STRAVER ARO

Mwezi wa pili Bwana Bonny alitualika tuchague madereva kumi na wawili, wajaribu gari hili jipya kwa wiki tatu, kisha kila mmoja ajaze fomu ya maoni. Tunamshukuru. Makampuni huuliza wanunuzi, ni mara chache sana mtu humuuliza anayeshika usukani. Alitupa chai, alitupa mafuta, na hakutuharakisha.

Mgeni rasmi, gari lenu ni zuri, nasi tunalisema hilo bila kulazimishwa. Mzee Hippolyte alikuwa anashuka Kabalagala wakati boda iliyobeba godoro ilipomkatia mbele. Gari lilisimama lenyewe kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Alituambia: "Nimeendesha miaka thelathini na moja, sijawahi kuishukuru breki kwa sauti. Siku ile niliishukuru." Concy, anayeendesha gari la shirika, aliliendesha hili la Aro Jumapili asubuhi wakati watu wako kanisani, akabonyeza kile kitufe cha mbio. Aliporudi alikaa ndani dakika nzima bila kufungua mlango. Tulipomuuliza kuna nini, alijibu, "Gari hili linanifanya nisahau ni nani anayenilipa."

Tulicheka. Alikuwa amesema jambo ambalo sisi wengine hatukuwa tumelipatia maneno.

Gari hili limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeendesha. Usukani unajibu, injini inaita, kiti cha dereva kinakukumbatia kama mtu ambaye hamjaonana muda mrefu. Tunaamini huko Ulaya linakotengenezwa mwenye gari ndiye anayekaa kwenye kiti hicho, na raha ni yake. Hapa mwenye gari hukaa nyuma. Nyuma pia ndiko tunakopakia mama mjamzito akipelekwa hospitali, mzee aliyetoka kupasuliwa, na watoto wanaolala kabla hatujafika nusu ya njia. Mimi mwenyewe hubeba watoto wa shule kumi na mmoja kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu nguvu ya injini.

DEREVA WA KUMI NA MBILI

Sasa tunafika kwa Okidi.

Okidi ni mtoto wa sajenti wa polisi, amezaliwa kambini, ana miaka hamsini na moja. Alifanya kazi na familia moja miaka kumi na minne. Katika wiki ya pili ya majaribio, Bwana Bonny alimwona namna anavyoendesha, akamwahidi kwamba gari likizinduliwa yeye ndiye atakayekuwa mkufunzi: kila atakayenunua Aro, dereva wake atafundishwa na Okidi kwa siku mbili. Okidi alikwenda nyumbani, akazungumza na mkewe, Akwero, kisha akaiaga ile familia. Wao wamekwisha kuajiri mtu mwingine.

Katika wiki ya tatu Okidi aliendesha trei. Aliweka plastiki kwenye kiti cha nyuma, juu yake trei, kama tulivyofundishwa sote. Alichagua mwendo wa mjini, ule wa polepole. Alipofika juu alikuta mayai tisa yamevunjika, plastiki imezuia uchafu, kiti kisafi. Huyu ni mtu ambaye kwa gari la zamani la bosi wake huvunja moja, au halivunjiki hata moja.

Dereva mwingine angelilaumu gari palepale. Okidi alijilaumu yeye. Alisema, "Labda leo mkono wangu mzito. Nitarudia." Kwenye safari ya kwanza plastiki ilikuwa imeteleza juu ya ngozi ya kiti kila kona, akahofia kwamba kuteleza ndiko kulikovunja mayai. Kwa hiyo akaiondoa, akatandika taulo nene, ili gari lisionewe. Safari ya pili yalivunjika kumi na moja, na taulo halikutosha kuzuia uchafu.

Kosa letu liko hapa, na tunalikiri mbele yako. Viti tunavyovijua sisi ukivimwagia kitu unavifuta. Viti vya Aro vina vitundu vidogo vya kupitisha hewa baridi, na chini yake kuna feni. Hatukujua. Okidi alifuta kiti kikang'aa, akarudisha gari, akajaza fomu yake. Siku ya nne akaja mteja wa kwanza, amevaa suti nyeupe, akaketi nyuma, akabonyeza kitufe cha hewa. Hatuhitaji kueleza harufu iliyomfikia. Wenzetu waliokuwepo wanasema alishuka bila kuaga.

Okidi aliitwa ofisini kwa Bwana Bonny. Mezani palikuwa na fomu yake, na Concy alikuwa mlangoni akisubiri kurudisha ufunguo, kwa hiyo tunayo maneno yao.

"Mzee Okidi, haya umeyaandika wewe?"

"Mimi, bwana."

"Gari umelichafua, halafu unaliandikia hivi. Andika mengine."

"Nikipewa gari lingine, nitaandika mengine."

Aliambiwa aende nyumbani, angeitwa. Ni wiki ya saba. Kijitabu mlichogawa leo mlangoni, ukurasa wa tatu, kinasema: "Madereva kumi na mmoja wa Kampala wamelijaribu na kulisifu." Sisi tulileta kumi na wawili.

Bwana Bonny, tunakuheshimu, na tunajua kiti kile kilibidi kifunguliwe na mafundi wawili kwa siku nzima. Hasira yako tunaielewa. Lakini trei si jambo la Okidi peke yake. Sisi ndio tuliomfundisha, sisi tulimwambia gari lisilopita kwenye trei lisisifiwe. Na trei ya pili, ile iliyomwagika, hakuinunua yeye. Alinipigia simu nikiwa Owino, akasema anataka kurudia kwa sababu huenda ameonea gari la watu. Nikampelekea mwenyewe, nikamwambia aharakishe nina watoto wa kuchukua shule. Mtu wa kulaumiwa kwa harufu akitafutwa, mimi niko hapa nimesimama.

Tulipokuwa tunaandika risala hii hatukukubaliana, na si haki kukuficha. Mzee Hippolyte aliniambia, "Mama Guerschom, hiyo sehemu ya mayai itoe. Siku ya sherehe watu hawataki harufu."

Nikamwambia, "Harufu wameshaipata, Mzee. Wanachosubiri ni maelezo."

"Watasema sisi ni watu wa fujo. Hawatatuita tena."

Concy akamjibu, "Wewe sifia breki zako. Ulizisifu mpaka ukapewa kofia ya kampuni."

Mzee akaivua ile kofia, akaiweka mezani. Kisha akasema tupige kura. Wote tuliokuwepo tuliinua mkono, na yeye akiwemo. Ukimwona leo kichwa wazi kwenye jua hili, usidhani amesahau.

MAOMBI YETU

Fomu ya Okidi ina sentensi tatu tu. Tunayo nakala, na tunaomba ruhusa yako kuisoma, kwa kuwa haimo kwenye kijitabu:

"Anayeendesha atafurahi. Anayekaa nyuma ataumia. Kampala mwenye gari anakaa nyuma."

Hatuoni tusi hapo. Tunaona kazi ya mkufunzi. Watu waliotengeneza gari hili ni mafundi wakubwa, na tunafikiri hakuna aliyewahi kuwaambia sentensi ile ya tatu. Wakiijua, watalainisha shokapu za nyuma, au watatuletea matairi manene kidogo badala ya haya membamba yanayopiga rimu kila shimo. Hilo liko ndani ya uwezo wao. Kuijua ile sentensi wasingeweza, mpaka mtu aendeshe mayai.

Kwa hiyo tunaomba fomu ya kumi na mbili ifike kiwandani kama ilivyoandikwa, na kijitabu kisahihishwe idadi. Tunaomba Okidi apewe kazi aliyoahidiwa. Atakayemfundisha dereva wa gari kali namna hii anapaswa kuwa mtu ambaye, mayai yanapovunjika, huanza kwa kujishuku mwenyewe.

Hatukuombi utuamini kwa maneno. Okidi yuko nje, ng'ambo ya barabara, amevaa koti lake la kazi. Langoni jina lake halikuwepo kwenye orodha. Chini ya meza hii kuna trei ya mayai thelathini, imenunuliwa Owino leo saa moja asubuhi, pamoja na plastiki mpya mbili, na hii ya chini tumeishonea taulo ili isiteleze. Gari lako la kuzindua liko pale chini ya kitambaa. Ratiba inasema baada ya risala mgeni rasmi ataondoa kitambaa, kisha atahutubia.

Ombi letu la mwisho ni kwamba kati ya kitambaa na hotuba uketi nyuma. Trei itakaa kando yako, Okidi ataendesha, na mwendo utauchagua wewe. Mtashuka Owino, mtapitia Kabalagala, mtarudi hapa. Usimuulize kitu njiani, hasemi sana akiwa kazini. Mkifika, funua trei na uhesabu mwenyewe, kisha utuhutubie. Lolote utakalosema baada ya hapo tutalipokea, hata kama halimrudishi Okidi, kwa kuwa litakuwa limesemwa na mtu aliyekaa nyuma.

Tunakuombea kwa Mungu barabara iliyo wazi, breki zinazosikia, na dereva anayekumbuka kwamba nyuma yake kuna mtu asiyeuona mbele. Awabariki waliotengeneza gari hili, awabariki watakaolinunua, na awafikishe salama wote tunaowabeba.

Ni sisi, madereva sitini na wanne wa

UMOJA WA MADEREVA WA KUAJIRIWA WA OLD KAMPALA

Imesomwa kwa niaba yao na Marie-Jeanne Nabintu, katibu. Ufunguo, Bwana Bonny, tunaomba upelekwe langoni.