Thamani ya Bibi Afya

Jumanne ni siku ya soko pale Calderby, mji mdogo wa Uingereza, na siku ya soko benchi la nyuma ya gari la chai la Enid huwa na wenyewe. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, wakawahi kukaa kabla haijabadili nia. Clifford, dereva wa basi mstaafu, soko zima linamwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona pa kumzimia. Desmond aliwahi kufanya kazi maktaba, na kwa hilo tu anaitwa Profesa. Bi Rukhsana alikuwa akiwapakulia watoto chakula shuleni. Yeye ni Kachero, maana hata salamu huichunguza kwanza ndipo aipokee. Enid alikuwa garini anapaka mikate siagi, macho kwenye siagi, masikio kwenye benchi. Ng'ambo, penye mnara wa saa, mwanamke mwenye koti la kijani alikuwa akiwahoji wauza samaki huku akibonyeza kishikwambi. Enid alijua kilichomleta, na tangu asubuhi roho yake haikuwa imetulia.

— Mnamwona yule? — Kachero alianza. — Wa halmashauri. Kitambulisho kakigeuza, picha imeangalia tumbo. Mtu mwema anaficha sura yake kwa nini?

— Anatuhesabu sisi tunaokaa — Redio akasema. — Maegesho ya magari walishatoza. Yamebaki maegesho ya makalio.

— Acha masihara, mzee — Kachero akamkatiza.

— Masihara? Utakuja kukatiwa risiti hapo ulipo, shauri yako.

Profesa akapuliza chai yake.

— Nyie mnawaza padogo. Wanatafuta ushahidi kwamba soko ni chafu. Wakiupata, wanavunja, wanajenga maghorofa. Kwani yule Bibi Afya, Gillian, mnadhani anatafuta nini kila akija?

— Uchafu — Kachero akajibu.

— Na asipoukuta?

— Anakuja nao kwenye mkoba!

— Sasa umeanza kunielewa. Wale panya wa kwa muuza jibini, nani aliwaleta? Wale ni panya wa serikali. Wanafugwa chini ya ukumbi wa manispaa, wanalishwa vizuri kuliko wewe. Wanaachiwa Jumapili, Jumatatu Bibi Afya anafika na kujifanya kashtuka.

— Wana hadi vyeo — Redio akadakia. — Mimi nilimwona mmoja ana kitambi.

Enid akatua kisu.

— Hebu nyamazeni, vipenzi. Gillian yuko mbioni kupoteza kazi. Maafisa wa afya wako wawili, wanataka kubakiza mmoja. Yule mama anapita kupima kazi yao ina thamani gani. Gillian asipoonekana ana faida, ndiyo kwaheri.

— Basi aende salama — Redio akasema. — Si ndiye aliyekufungia gari mwaka jana? Tukahamia kule stendi, tukanyweshwa maji ya kuoshea soksi.

— Mpira wa gesi ulikuwa umepasuka, Clifford. Mtungi wenyewe uko hapo nyuma ya mgongo wako.

— Ulilipuka?

— Haukulipuka.

— Basi, kesi imekwisha.

— Kisayansi — Profesa akasema — mpira uliokaa miaka yote hiyo bila kulipuka unakuwa umeshazoea.

— Na mnajuaje kwamba hakuupasua mwenyewe? — Kachero akauliza. — Si aliinama peke yake kule chini? Nani aliona mikono yake?

Enid akakichukua tena kisu, akapaka mkate kwa nguvu. Yeye ndiye aliyeona ile mikono. Gillian alipaka povu la sabuni kwenye mpira, na povu likaanza kutoa viputo vidogo vidogo pale gesi ilipokuwa ikivuja, taratibu. Siku ile Enid alimtukana kwa kumfungia biashara. Lakini kabla ya hapo, kila asubuhi alikuwa akiuruka mpira uleule na kiberiti mkononi, wala hakuwahi kuona kitu. Nani angekuja kuinama tena pale Gillian akiondoka? Jambo hilo lilimtisha kweli, na hakujua alisemeje bila kuchekwa.

Mwenye koti la kijani akawa amefika. Kachero akaufunga mkoba wake zipu.

— Hamjambo? Naitwa Philippa, natoka halmashauri. Nina swali moja tu. Bibi Afya wenu asingefika hapa, ingetokea nini?

— Tungekunywa chai — Redio akajibu.

— Hakuna ambacho kingetokea — Profesa akaongeza.

— Na wewe nani kakutuma? — Kachero akamalizia.

— Wauza samaki nao wamesema hakuna. Muuza jibini hivyo hivyo — Philippa akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. — Basi niandike hakuna?

Kidole kilikuwa kimeshakaribia kioo Enid aliposhuka garini, kisu cha siagi mkononi. Tangu aanze biashara hakuwahi kuliacha birika lake siku ya soko.

— Usiandike hivyo, kipenzi. Andika hawa watatu.

— Hawa?

— Ndiyo, hawa. Migongo yao ilikuwa imeegemea gesi inayovuja, na mimi nawasha moto. Gillian asingekuja, leo wasingekuwepo wa kumsengenya. Ni wajinga, wananichosha, lakini nawapenda. Andika kwamba wapo.

Hakuna aliyecheka. Redio aligeuka akautazama mtungi, kisha akasogea mbele mpaka akabaki ameshikilia ukingo wa benchi. Philippa aliandika, akafuta, akaandika tena, halafu akainua uso.

— Kisanduku cha fomu hii kinakataa majina. Kinataka kiasi cha fedha. Nikiacha wazi, kinajihesabu sifuri — akasema. — Kila mmoja nimwekee pauni ngapi?

Profesa akachungulia ndani ya kikombe chake. Kachero akakaza mtandio, akamtazama Redio, Redio akamtazama Enid. Enid naye akawatazama mmoja mmoja, tangu viatu hadi kofia, mdomo wazi, na hesabu haikuja. Birika likaanza kupiga mluzi garini, na hakuna aliyelijali.

— Enid, kipenzi — Redio akasema hatimaye — tafadhali, usianze na mimi.