Firigisi ya Tshibangu

Siku ya yenga, misa ikisha kutoka, benchi ya mbele ya nyumba ya Mama Ernestine, muuza kahawa, haikose batu. Ni mbao mbili za njia ya reli, nyeusi, nzito, zimelala juu ya matofali mu kambi ya bafanyakazi ya Kolwezi, na mwaka ile ya 1956 kila neno ya kambi ilipita pale kwanza, njo ifike ku masikio ya chef de camp, mukubwa wa kambi. Ku mwanzo anakaa Banza, mutu wa baruti ku shimo ya shaba. Banamwita Sireni, kwa sababu akifungua kinywa mutu anazania saa ya kazi imelia. Katikati anakaa Badibanga, karani ya magazini, ghala ya kambi. Uyu banamwita Juge, mwamuzi: anakata kila neno na methali, hata kama methali ile haiendi fashi ile. Na ku mwisho, karibu na birika ya kahawa, anakaa Tshibangu, mupakaji wa chokaa ya manyumba ya kambi. Banamwita Mayai. Jina haikumupendeza, lakini angekatala namna gani? Moyo yake ilikuwa inapasuka mbio. Ku harusi, analia. Mutoto ya jirani akichapwa, ni yeye anakosa usingizi. Chef akimwinulia sauti asubuhi, magaribi bukari, ugali yake, inabaki mu sahani.

Siku moja Mayai alikuya na shati yenye kukunjamana, akakaa bila kusalimia.

— He, Mayai! Shati yako ilipigana na nani?

— Achana na shati, Sireni.

— Bibi yako, Mama Ntumba, hakupiga pasi?

— Mama Ntumba hayuko. Iko kwa shangazi yake, Tantine Mianda.

Bote baligeuza shingo. Nyumba ya Tantine Mianda ilikuwa palepale ku mustari ule, na moshi ya moto yake ilionekana toka ku benchi.

— Ulimupiga?

— Mi? Hata inzi mi naifungulia dirisha.

— Sasa ni nini?

Mayai aliangalia mu kikombe sawa vile jibu ilianguka mule.

— Kuku.

— Kuku gani?

— Ya sikukuu. Ntumba alileta sahani, nikafunua. Mapaja iko, mabawa iko. Firigisi hakuna.

Sireni alipiga mluzi polepole. Kwetu Baluba kila mutoto anajua: firigisi ni ya mwenye nyumba. Bibi anaiweka juu ya sahani, bwana aione mbele ya kunawa mikono. Kumunyima ile ni kumwambia mu macho: hapa hakuna mwanaume.

— Ukasema nini?

— Sikusema.

— Na kesho yake?

— Sikusema. Siku saba, yenga nzima, sikusema kitu. Ilinichoma hapa, ku moyo. Njo akafunga bitenge byake, akatoka. Na kesho asubuhi Tantine anamupandisha treni ya Kamina, anamurudisha kwa bazazi kule Kasai.

— Kesho!

— Kesho. Mi nataka kwenda kumukamata, lakini Mianda akinitupia neno moja tu mubaya, nitaanguka pale ku mulango.

Mama Ernestine alimuongezea kahawa bila kuulizwa.

— Sikia, ndugu yangu, Sireni akasema. Ugonjwa yako ni chokaa. Kazi ya kupaka-paka inalegeza moyo. Kuya na mi ku shimo, saa ya baruti. Simama karibu. Baruti ikilia mara ya kwanza, unalia. Mara ya pili, unalia kidogo. Mwezi ikiisha, hata mama mukwe akikutukana unasikia upepo tu.

— Unasikia upepo kwa sababu masikio imekufa! Juge akamukatiza. Hapana. Uyu alizaliwa moyo bila ngozi, kama karanga ya kumenya. Dawa yake iko Elisabethville. Kuna munganga mumoja kule, anafungua kifua, anapaka moyo shaba, kama banavyopaka sufuria.

— Shaba!

— Nyembamba tu. Neno mubaya likigonga, linafanya ting, linarudia kwa mwenyewe.

— Na mapendo nayo ikigonga? Mama Ernestine akauliza.

— Nayo inafanya ting, Juge akasema, kidogo-kidogo.

Sireni hakutaka kushindwa.

— Acheni moyo! Angalieni kuku. Kuku ya Kolwezi inachokora wapi? Fashi ya mawe ya kijani, mawe ya shaba. Inameza, inameza, firigisi inajaa shaba tupu. Mutu mumoja alijua. Aliingia mu jikoni, aliiba ile firigisi, sasa hivi iko anaiyeyusha. Mama Ntumba hana kosa! Tutafute mutu mwenye tanuru!

— Moyo ya mwenzako ni pori ya giza, Juge akasema na kidole juu. Na mu pori ya giza banaingia na nini? Na panga. Kamata panga, Mayai, wende kwa Mianda.

— Na panga nifanye nini?

— Methali haisemi.

Mayai alicheka kidogo, kisha kicheko ikamufia. Moshi ya Tantine ilikuwa inapanda vizuri. Ntumba njo anawasha moto namna ile, bila haraka.

Kulikuwa na mugeni mumoja pale, Mbayo, alitoka Kisenge siku ile na sanduku ya mbao, alikuwa anangoja mutu wa kumuonyesha nyumba yake. Alikunywa kahawa mpaka chini, akafuta kinywa.

— Samahani, bandugu. Uyu mama, mu kuku, yeye anapenda nini?

— Anapenda nini namna gani?

— Fashi gani. Paja, bawa, mugongo…

Mayai alifungua kinywa. Aliona mukono ya Ntumba unagawanya: paja kwa bwana, bawa kwa bageni, kipande kwa batoto ba jirani. Mukono ile aliijua hata mu giza. Lakini kinywa ya Ntumba, inapenda nini?

— Shingo, akasema. Anakula shingo.

— Anaikula, ao anaipenda?

Mayai aliweka kikombe chini. Yeye mwenye kusikia kila sauti, kila jicho ya kumuangalia vibaya, jambo hii hakuisikia hata siku moja.

Sireni alipiga kicheko.

— Ha! Mi bibi wa kwangu, Fidélie, anapenda…

Kicheko ikabaki mu hewa. Alimugeukia Juge.

— Na wa kwako?

Juge alitafuta methali. Alikohoa. Alikamata kofia yake, akasema kuna kitu alisahau ku nyumba. Sireni naye akakumbuka kwamba alisahau kitu ku nyumba. Siku zingine ni kahawa inaisha. Siku ile kahawa ilibaki, batu njo baliisha.

Mayai alisimama, miguu ikamupeleka.

Ku mulango Tantine Mianda alimungojea na mwiko mu mukono.

— Umekuya kunyamaza hata ku nyumba yangu?

Ilimuchoma. Lakini hakuanguka.

— Tantine, utanitukana baadaye, mi nitangoja. Ntumba, mu kuku weye unapenda nini?

Ntumba alikuwa anachagula maharagi. Mukono yake ikasimama.

— Nani alikutuma?

— Hakuna. Ni mi sijui.

Ntumba akainamisha uso.

— Firigisi. Toka utoto. Siku ile nilisema nionje kidogo tu. Nikashituka, iliisha. Nikangojea uulize, tucheke. Ukanyamaza yenga nzima.

Mayai alianza kucheka, na machozi ikashuka palepale mu kicheko.

— Unaona! Tantine akasema. Analia!

— Muache alie, Tantine. Machozi yake niliipata ku harusi yetu, naijua. Kimya njo inanishinda.

— Ikinichoma tena nitasema, Mayai akasema. Hata na kulia, nitasema.

— Na utaniuliza mbele ya kukasirika?

— Nitauliza.

— Uliza sasa.

Mayai alipangusa pua na shati ile ya kukunjamana.

— Ilikuwa tamu?

Ntumba alicheka mpaka maharagi yote ikamwagika chini. Tantine Mianda aliangalia uyu, akaangalia ule, akatupa mwiko ndani ya sufuria na kuenda kufungua mizigo ya Ntumba, ile ya treni ya kesho.